Shamba lako halijarogwa: Gugu la kiduha na Muethiopia aliyelisomea miaka thelathini

Ua lake ni zuri, na hapo ndipo udanganyifu wake unapoanzia. Ukipita mashamba ya Kwale au Kilifi wakati mahindi yamefika kiunoni, huenda ukaona katikati ya mashina vimea vifupi, kimo cha shubiri moja au kupita kidogo, vyenye vijiua vyekundu. Watoto huvichuma wakachezea. Mwenye shamba naye akiyatazama mahindi yake, yamedumaa, majani yamepiga umanjano na kujikunja kana kwamba yana kiu, ilhali mvua imenyesha juzi tu. Atapalilia, atang'oa kimoja kimoja, na baada ya wiki mbili vimerudi. Msimu ujao ni vingi zaidi. Mwisho shamba huachwa, likawa la mbuzi.

Ndugu zetu wa Tanzania hukiita kiduha. Wanasayansi hukiita Striga. Hiki chetu cha ua jekundu ni Striga asiatica, na kule Nyanza na Magharibi yuko ndugu yake mkubwa, Striga hermonthica, mwenye ua la zambarau iliyopauka, ambaye Wajaluo humwita kayongo. Waingereza walipokutana na mmea huu waliupa jina ambalo ukilifasiri ni "gugu la mchawi". Jina lenyewe linaeleza hali ya mkulima: anaona mmea wake unakufa na hamuoni anayeuua.

Nalitaja hili la uchawi kwa makusudi. Hapa kwetu Pwani neno hilo si mzaha. Sote tunazijua habari za wazee wa Kilifi na Kwale wanaotuhumiwa uchawi, wakauawa kwa mapanga au wakayahama majumba yao usiku. Kule Ganze, Kaya Godoma imekuwa kimbilio la wazee wa aina hiyo. Mara nyingi nyuma ya tuhuma kuna ardhi na urithi, hilo halifichiki. Lakini tuhuma hutafuta pa kushika: mtoto aliyeugua, ng'ombe aliyekufa, shamba lililokataa wakati la jirani limekubali. Mimi ni Muislamu, na sihri imetajwa ndani ya Qur'ani, siwezi kusema haipo. Ninachosema ni kwamba shamba la mahindi lenye vijiua vyekundu lina maelezo yake, maelezo hayo yanajulikana, na hayamhusu bibi wa nyumba ya pili.

Miongoni mwa watu waliofanya kazi kubwa ya kuyapata ni Gebisa Ejeta, mtaalamu wa mimea ya mashamba kutoka Ethiopia. Nimechagua kumwandika yeye kwa sababu vijana wetu wakisikia "kazi ya kilimo" wanaona jembe na jua la saa saba, basi. Kazi ya huyu bwana ilikuwa ni kuuliza swali moja kwa subira ya miaka thelathini.

Alizaliwa mwaka 1950 katika kijiji cha Wolonkomi, magharibi ya kati ya Ethiopia, katika nyumba ya chumba kimoja, paa la nyasi na sakafu ya udongo. Mamake ndiye aliyeshikilia kwamba mtoto huyu atasoma. Shule ilikuwa mji wa jirani, mwendo wa kilomita 20. Kijana alikuwa akitembea Jumapili jioni kwenda, akakaa wiki nzima huko, na Ijumaa akarudi kwa miguu. Kwa kulinganisha, ni kama mtu atoke Mtwapa afike katikati ya mji wa Mombasa, kisha bado aendelee kidogo. Baadaye aliingia shule ya kilimo ya Jimma, akaenda Chuo cha Alemaya, akamaliza shahada ya kwanza mwaka 1973.

Mwaka huo huo alikutana na John Axtell, profesa wa Chuo Kikuu cha Purdue kilichoko Indiana, Marekani, aliyekuwa Ethiopia akikusanya mbegu za mtama. Tuseme ukweli, mara nyingi kisa cha Mwafrika kuchukuliwa na profesa wa Kizungu huishia hapo: anakwenda, anabaki, tunasikia jina lake kwenye maziko. Huyu alikwenda Purdue, akapata shahada ya uzamifu mwaka 1978, na mwaka uliofuata akarudi Afrika, akaajiriwa na kituo cha kimataifa cha utafiti cha ICRISAT huko Sudan.

Kazi yake ya kwanza Sudan haikuwa kiduha bali ukame. Alizalisha mtama chotara uitwao Hageen Dura-1, ukatolewa kwa wakulima mwaka 1983. Wanaojua Kiarabu wataona jina lilivyo wazi: "hajin" ni chotara, "dura" ni mtama. Ulikuwa mtama chotara wa kwanza wa kibiashara barani Afrika, na kufikia mwaka 1999 ulikuwa umelimwa katika takriban ekari milioni moja nchini Sudan. Kwa watu wengi hayo yangetosha kuwa maisha mazima. Lakini katika mashamba yale yale ya Sudan aliona kwamba mtama unaostahimili jua bado unanyonywa kutoka chini na gugu lile. Mwaka 1984 alirejea Purdue kama mwalimu, akaanza kulishughulikia.

Sasa hapa msomaji nakuomba utulie nami kidogo, maana ndipo penye utamu.

Kiduha si gugu kama ndago au majani mengine tunayopalilia. Magugu ya kawaida hushindana na zao: maji, mwanga, nafasi, mbolea. Kiduha hakishindani, kinanyonya. Mzizi wake hujipachika kwenye mzizi wa mahindi, mtama, wimbi au mpunga wa bara, ukatoboa mpaka kwenye mishipa ya maji, na kutoka hapo chakula na maji ya mmea huwa ni yake. Juu ya hayo, mmea ulioshikwa hudumaa kupita kiasi cha chakula unachoibiwa, kana kwamba umetiwa sumu. Na yote hayo huanza chini ya ardhi. Kiduha hukaa huko wiki nne mpaka saba kabla hakijachomoza. Siku unapoliona ua, wizi umeshafanyika.

Hii ndiyo sababu jembe halisaidii kwa msimu huo. Ndiyo pia sababu ile dawa ya kunyunyizia, ambayo siku hizi kila duka la pembejeo linauza na vijana wanaipiga bila hata kufunga kitambaa puani, haimuokoi mkulima. Dawa ya kuchoma majani huhitaji majani, na majani huja yakiwa yamechelewa.

Halafu kuna mbegu zake. Ni ndogo kama vumbi la ugoro, chini ya theluthi moja ya milimita. Mmea mmoja hutoa makumi ya maelfu. Zikidondoka zinaweza kukaa ardhini zaidi ya miaka kumi zikiwa hai, zimelala. Zinasafiri na maji ya mvua, na upepo, na tope la kwenye jembe na viatu, na mahindi ya mbegu uliyopewa na shemeji. Ng'ombe akizila, baadhi yake hutoka upande wa pili zikiwa salama, ndani ya samadi unayoipeleka shambani.

Swali alilolishika Ejeta pamoja na mwenzake wa Purdue, mtaalamu wa kemia ya viumbe Larry Butler, lilikuwa hili: mbegu ndogo kiasi hicho ina akiba ya chakula ya siku chache tu. Ikiota mahali pasipo na mahindi wala mtama karibu, inakufa. Basi inajuaje kwamba leo ndiyo siku ya kuota?

Jibu ni kwamba inasikia. Mzizi wa mahindi au mtama hutoa kiasi kidogo mno cha kemikali zinazoitwa strigolaktoni, zikaenea kwenye unyevu wa udongo. Mbegu ya kiduha iliyolala kwenye joto na unyevunyevu kwa wiki moja mbili huwa tayari, na ikiguswa na kemikali hiyo huota mara moja, ikanyoosha kizizi kuelekea ulikotoka wito. Kemikali ya kwanza ya jamii hii iligunduliwa mwaka 1966, tena kwenye mizizi ya pamba.

Kwa nini basi mahindi yajiite mwizi? Kwa muda mrefu hakuna aliyejua. Mwaka 2005 watafiti wa Japani walieleza kwamba wito ule haukuwa wa kiduha kamwe. Mmea ulikuwa ukimwita rafiki: kuna aina ya kuvu wa udongoni ambao huungana na mizizi na kuiletea madini, hasa fosforasi, nao hulipwa sukari. Mmea ukiwa na njaa ya fosforasi huita zaidi. Kiduha ni yule mtu asiyealikwa anayesikia vigelegele vya harusi mtaa wa pili, akavaa kanzu akaja kukaa kwenye sinia.

Msomaji, hebu rudia sentensi ile: mmea ukiwa na njaa huita zaidi. Maana yake ardhi iliyochoka, iliyolimwa mahindi juu ya mahindi bila samadi wala kupumzishwa, ndiyo inayopiga kelele kubwa kuliko zote. Kiduha hakimkuti tajiri na maskini sawasawa. Hukaa kwa yule asiye na mbolea, kikamfanya asiwe na mavuno, akakosa hela ya mbolea ya msimu ujao. Udongo wetu mwingi wa Pwani ni wa mchanga, haushiki rutuba, mvua ya mwaka ikipiga inashuka nayo. Mashamba yamegawanywa kwa urithi mpaka hakuna tena wa kuacha kipande kilale miaka mitatu kama walivyofanya babu zetu. Ukitaka kujua aliyeliroga shamba, anzia hapo.

Turudi Purdue. Kabla ya hapo, wazalishaji wa mbegu walikuwa wakipanda mtama wa aina nyingi kwenye shamba lenye kiduha, wakaangalia upi umepona. Shida ni kwamba kiduha hakienei sawa shambani, na mwaka huu si kama mwaka jana, kwa hiyo ulionusurika huenda ulibahatika tu. Ejeta na wenzake waliigawa safari ya kiduha vipande vipande: kuota, kujipachika, kupenya, kunyonya. Wakauliza, mtama unaweza kumzuia mwizi katika kituo gani? Wakabuni kipimo rahisi cha ajabu. Waliweka mche mchanga wa mtama ndani ya sahani yenye utelezi kama jeli ya agari, iliyochanganywa na mbegu za kiduha, wakasubiri siku chache, kisha wakapima kwa rula: mbegu ya mbali zaidi iliyoota iko umbali gani kutoka kwenye mzizi? Mtama wenye wito mkali uliamsha mbegu za mbali. Mtama mwingine uliamsha za karibu kabisa, au haukuamsha.

Mtama mmoja wa aina hiyo, uitwao SRN39, ndio uliokuwa mama wa kazi nyingi zilizofuata. Mwaka 2017 ndipo kundi la Purdue na wenzao walipoeleza kiini chake: kuna jeni moja iliyoharibika, na kwa sababu hiyo mzizi hutoa strigolaktoni ya namna nyingine badala ya ile ya kawaida. Kwa maneno mengine, mtama huo hautakaa kimya. Bado unaita, na kuvu marafiki bado wanasikia. Umebadilisha lafudhi tu, na kiduha hakiielewi lafudhi hiyo vizuri. Subhanallah, mimi nilipoisoma habari hii mara ya kwanza nilifunga simu nikakaa.

Zikaja mbegu. Mwaka 1994 tani nane za mtama unaostahimili kiduha na ukame zilipelekwa kwa msaada wa World Vision katika nchi kumi na mbili, Kenya, Somalia na Tanzania zikiwemo, na mavuno yake yalifika hadi mara nne ya mtama wa kienyeji kwenye mashamba yenye gugu hilo. Ethiopia ikatoa rasmi aina zake, Gobiye na Abshir. Tanzania mwanzoni mwa miaka ya 2000 ikatoa mbili, na majina yake ni ya lugha yetu: Hakika na Wahi. Wahi, kama jina lilivyo, hukomaa mapema.

Kuna jambo katika aina hizi ninalolipenda kuliko sifa zote. Hageen Dura-1 ilikuwa chotara. Ukitaka mavuno yale yale, kila msimu ununue mbegu mpya. Hakika na Wahi si chotara. Mtama hujichavusha wenyewe kwa sehemu kubwa, kwa hiyo mkulima akichagua masuke mazuri akayahifadhi vyema, mwakani anapanda mbegu yake mwenyewe. Neno "kilimo endelevu" limekuwa kama chumvi kwenye hotuba za semina za hotelini, kila mtu analimwagia. Kwangu mimi maana yake ya kwanza ni hii: je, mjane mwenye ekari moja na nusu anaweza kuendelea nacho mradi ukiisha na gari la ofisi likiondoka?

Lakini Ejeta hakuwaambia watu kwamba mbegu peke yake ni dawa. Huko Ethiopia na Tanzania kazi iliendelea kwa kufunganisha mambo matatu: mbegu stahimilivu, kuongeza rutuba hasa naitrojeni, na kuhifadhi maji kwa matuta yaliyozibwa vipande vipande ili mvua isimame kwenye mfereji badala ya kukimbia. Kila moja lina kasoro likiwa peke yake. Mbegu isiyosikiwa na kiduha leo, ukiipanda mwaka baada ya mwaka kwenye ardhi ile ile iliyochoka, utakuwa unakifundisha kiduha lafudhi mpya. Kati ya mbegu milioni kadhaa zilizoko ardhini, hakutakosekana moja mbili zenye masikio tofauti.

Mwaka 2009 alipewa Tuzo ya Chakula Duniani, na mwaka 2023 Ikulu ya Marekani ikamvisha Nishani ya Taifa ya Sayansi. Mengine ya ushauri na kamati nayapita.

Sasa kwetu. Najua utasema, sisi twala sima ya mahindi, mtama wa nini? Swali la haki. Nikukumbushe tu kwamba mtama si mgeni Pwani. Malindi ya karne ya 19 ilikuwa ikipakia majahazi ya mtama na ufuta kwenda Unguja na Arabuni, kwa jasho la watumwa, tusijifiche hilo. Uji wa mtama tunao mpaka leo, na Ramadhani unapanda bei. Mahindi ndiyo yaliyokuja baadaye yakatawala sahani, nayo kwa kiduha ni dhaifu kuliko mtama, kwa sababu hayakukua pamoja nacho. Mtama na kiduha ni Waafrika wote wawili, wamejuana maelfu ya miaka. Mahindi yametoka Amerika juzi.

Kwa anayeng'ang'ania mahindi, Kenya yenyewe ina mambo mawili yaliyofanywa kule Magharibi. La kwanza ni mahindi yaliyozalishwa yastahimili aina fulani ya dawa ya magugu, kisha mbegu ikapakwa dawa hiyo kidogo kabla ya kuuzwa. Kiduha kikija kujipachika kinakutana na sumu mlangoni. Yaliuzwa kwa jina la Ua Kayongo. La pili lilitoka kituo cha ICIPE cha Mbita, ukingoni mwa Ziwa Victoria, chini ya Zeyaur Khan. Walikuwa wakitafuta namna ya kufukuza viwavi wa mabua kwa kupanda jamii ya kunde iitwayo desmodi katikati ya mistari na majani ya ng'ombe pembezoni. Viwavi wakapungua, na watafiti wakashangaa kuona kiduha nacho kinapotea. Mizizi ya desmodi huamsha mbegu za kiduha kisha hukizuia kisijipachike. Mbegu inaota, haina pa kushika, inakufa. Wenyewe huita kuota kwa kujiua. Wakati huo huo desmodi inarutubisha udongo na kulisha ng'ombe na mbuzi.

Wamarekani walitumia ujanja huo huo kwa njia ya kitajiri. Kiduha chetu hiki cha ua jekundu kiligunduliwa kwenye majimbo ya Carolina mwaka 1956. Serikali iliweka karantini, ikapiga marufuku kutoa mashine na mazao bila ukaguzi, na ikaingiza ndani ya udongo gesi ya ethilini, ile ile inayotoka kwenye ndizi zikiiva. Gesi hiyo huziamsha mbegu bila ya kuwepo zao. Waliendelea kwa miongo kadhaa mpaka wakakimaliza karibu chote. Nataja hili ili mtu asidhani kiduha ni balaa la watu wajinga. Taifa tajiri lilipopatwa nalo, liliandika sheria na kutoa pesa. Sisi tunamwachia mama na jembe, na ni mama kweli, maana kupalilia katika nyumba nyingi za Pwani ni kazi ya wanawake, na watoto wao siku ambazo walimu hawaulizi.

Bila gesi na bila fedha, yapo ambayo mtu anaweza kuanza nayo mvua za vuli zijazo. Ng'oa kiduha kabla hakijafanya ua. Hutaokoa mahindi ya msimu huu, lakini utazuia makumi ya maelfu ya mbegu kwa kila shina, na hesabu hiyo ndiyo ya maana. Kikiwa na maua tayari, usikitupe njiani wala kwenye jaa la samadi, kichome. Osha jembe ukitoka shamba lenye gugu kwenda lisilo nalo, na kama mmekodi trekta la kikundi, dai lisafishwe kabla halijaingia kwako. Usichukue mbegu kutoka shamba lenye kiduha hata kama masuke ni manono. Kipande kilichoharibika sana kipumzishe na mahindi kwa misimu kadhaa, panda karanga, soya au pamba. Mizizi yake huamsha mbegu za kiduha bila ya kukilisha. Samadi iliyooza vizuri hupunguza ule wito wa njaa. Haya si ya mwaka mmoja. Mbegu zimelala miaka, nazo huisha kwa miaka.

Wataalamu wa kuulizwa tunao. Kituo cha utafiti wa kilimo cha Mtwapa ndicho kilichotuletea mahindi ya Pwani Hybrid yaliyozalishwa kwa hali ya hewa yetu. Chuo Kikuu cha Pwani pale Kilifi kimejengwa juu ya iliyokuwa Taasisi ya Kilimo ya Kilifi, na bado kinafundisha kilimo. Ninachotamani ni kuona watoto wetu wa Matuga, Msambweni, Magarini na Garsen wakijaza nafasi zile. Kila mwaka matokeo ya Kidato cha Nne yakitoka, wazazi hunipigia simu kuuliza kozi gani mtoto achukue, na nikitaja kilimo kimya hushuka kwenye laini. Mmoja aliniambia hakuuza ng'ombe ili mwanawe arudi shambani. Nilimweleza habari za Wolonkomi na zile kilomita 20, akasema ataongea na mamake mtoto.

Maswali bado yako mengi, tena ya kwetu. Mahindi ya Pwani Hybrid yanaita kiduha kwa nguvu gani yakilinganishwa na mengine? Aina zetu za zamani za mtama, zile ambazo bado wako wazee wa Tana Delta wanaozihifadhi juu ya moshi wa jiko, ziko ngapi zenye lafudhi tofauti? Kipimo cha kwanza kinahitaji sahani, agari, rula na mtu mwenye subira. Na mbegu zenyewe ziombwe kwa wazee hao wakiwa bado wako, kwa heshima, na jina la mwenye mbegu liandikwe kwenye karatasi.